Jasusi, Jini na Mahaba: Mbona Kwale Haijapata Riwaya Yake?

Kuna vitabu ambavyo huingia Kwale bila ya kupita dukani wala maktabani. Huja ndani ya mikoba ya watalii, vikasomwa siku mbili tatu chini ya miavuli ya makuti katika pwani ya Diani, vikalowa mafuta ya kujipaka, chembe za mchanga zikajificha baina ya kurasa, kisha mwenyewe anapofunga safari ya kurudi kwao huviacha juu ya kitanda. Mfanyakazi wa hoteli huviokota, kwani kutupa maandishi ni jambo zito kwa mtu aliyelelewa katika nyumba za Pwani, na baada ya mwezi mmoja utavikuta Ukunda, vimepangwa juu ya gunia kando ya barabara, jirani na viatu vya mitumba, kila kimoja kwa bei ya sahani ya mbaazi na mahamri.

Kwa muda mrefu nilivipita vitabu hivyo bila ya kuvitupia jicho la pili. Majalada yao yote ni ya sampuli moja: mwanamume kifua wazi, bastola mkononi, mbalamwezi nyuma yake, na mwanamke ambaye upepo hauziachi nywele zake zikatulia. Mtu wa rika langu, aliyeanza kusoma kwa ubao na wino wa masizi chuoni, huona haya kusimama barabarani na kitabu cha namna hiyo. Lakini nikaona kwamba wanunuzi ni wengi, na aghlabu ni wasichana waliomaliza shule na vijana wa mahotelini. Nami kazi yangu ni kuandika juu ya vile watu wanavyosoma, si vile tu ninavyotamani wavisome. Basi nikanunua vinne, nikavifunga ndani ya gazeti kama mtu aliyenunua samaki, nikaenda navyo nyumbani.

Nikakuta ulimwengu mzima. Ni hadithi za mapenzi, lakini wapendanao si karani na mwalimu wa shule. Ni majasusi wa serikali, au askari wa vikosi vya siri, na kila mmoja ana kipawa kisichokuwa cha kawaida. Huyu husikia mawazo ya mwenzake, yule huona kilichoko nyuma ya ukuta, mwingine husogeza kitu bila ya kukigusa. Mwandishi mmoja wa Marekani, Christine Feehan, alianza mfululizo wake wa GhostWalkers mwaka 2003 kwa kitabu kiitwacho Shadow Game. Humo mna daktari mwenye elimu nyingi na huruma kidogo, jina lake Whitney, ambaye anazifungua akili za askari wa kujitolea ili vipawa vyao vizidi. Na kabla ya hao alikwisha kuwafanyia majaribio kama hayo watoto wa kike mayatima. Vipawa vinakuja, na maumivu yanakuja navyo: mawazo ya watu wote humjaa mtu kichwani kama makelele ya soko la Kongowea. Nafuu yake ni kumpata mtu mmoja ambaye ukiwa karibu naye makelele hutulia. Hapo ndipo mahaba yanapopenyeza mguu.

Mwingine ni Nalini Singh, aliyezaliwa Fiji akakulia New Zealand. Yeye alianza mwaka 2006 kwa Slave to Sensation. Katika ulimwengu wake kuna jamii ya watu wenye nguvu za akili waliofundishwa tangu utotoni kutohisi kitu chochote, si hasira wala huba, na miongoni mwao mna kikosi cha siri cha wauaji kiitwacho Arrows. Kwa watu kama hao, kupenda si furaha tu, bali ni uasi. Hili, nakiri, ni wazo la mshairi.

Sitasema kwamba vyote ni vitabu vya kudumu miaka mia. Maneno ya mapenzi yametiwa sukari mpaka chai imekuwa asali, na kuna kurasa nilizozifunua haraka huku nikiangalia mlango. Walakini mtu hawezi kukesha na kitabu mpaka adhana ya alfajiri kisha asubuhi akakiita upuuzi.

Nikaenda kumwuliza msomaji hodari wa vitabu hivi, binti anayesuka nywele katika kibanda kimoja cha Ukunda. Alikuwa na kichwa cha mteja magotini na kitabu kimefunuliwa kifudifudi juu ya kiti.

"Shikamoo ami."

"Marahaba mwanangu. Hebu niambie, mnapata nini humu?"

Akacheka. "Ami, hawa watu wana nguvu za kubomoa ukuta kwa macho, lakini kumwambia mtu nakupenda hawawezi. Hilo ndilo linalonichekesha, tena ndilo linaloniliza."

Nikamwuliza je, lau kingeandikwa kisa kama hicho kwa Kiswahili, mwanamke wake akaitwa Mwanamkasi na mji wake ukawa Msambweni, angekinunua? Mikono yake ikasimama juu ya kitana.

"Ningekinunua kabla ya unga. Lakini ami, huyo jasusi mtamfanyaje? Kwao, jasusi ni mtu wa kuja kukuokoa. Kwetu hapa, gari lisilo na nambari likipita usiku, mama huamka akahesabu watoto wake."

Mteja wake hakuinua kichwa, ila alisema "kweli" kwa sauti ndogo. Maneno hayo mawili, la kutaka kitabu na la kumwogopa jasusi, ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya.

Kwanza tuiondoe dhana kwamba mambo ya majasusi wenye vipawa ni mageni yaliyoshuka na ndege za watalii. Mtoto yeyote wa Kwale aliyesoma chuoni amepita katika Sura ya An-Naml, ambayo ni ya 27, hata kama maana yake aliipata baadaye kwa darsa za masheikh baina ya magharibi na isha. Hasha, siiti Qurani kuwa ni riwaya. Nasema tu kwamba masikio yetu yalikuwa yamezoea habari hizi kabla hajazaliwa huyo daktari Whitney.

Nabii Sulaiman, ambaye jeshi lake lilikuwa la majini, watu na ndege, anakagua ndege wake na kumkosa Hudhud. Anakasirika, anaahidi adhabu. Punde Hudhud anafika na habari ya yakini kutoka Saba: kuna mwanamke anayetawala, ana kila kitu, ana kiti kikubwa cha enzi, na yeye na watu wake wanalisujudia jua. Ni mpelelezi gani aliyepata kuleta ripoti fupi na kamili kuliko hiyo? Na tazama adabu ya mkubwa wake. Hakuikubali mara moja, wala hakuitupa. Alisema ataangalia kama ni kweli au uwongo, kisha akampa barua aipeleke na akamwamuru asimame kando asikilize watakavyojibizana. Ripoti ilipimwa kabla mtu hajaguswa. Nitalirudia jambo hili.

Kisha ndiyo habari ya kiti. Sulaiman anauliza nani atakileta kabla wageni hawajawasili. Ifriti katika majini anasema atakileta kabla mfalme hajainuka kwenye baraza yake. Mwingine, mwenye elimu ya Kitabu, anasema atakileta kabla jicho halijapepesa, na kikaja. Malkia naye anaingia katika jumba la vioo, akidhani sakafu ni maji akapandisha nguo. Qurani yenyewe inaikomesha habari pale aliposilimu. Wasimulizi ndio walioongeza harusi, na wengine wao wakadai kwamba mama yake Bilkisi alikuwa jini. Basi jasusi yupo, kipawa kipo, na watu walipoona mahaba hayamo waliyatia wenyewe. Kwa nini waliyatia? Kwa sababu hiyo hiyo ambayo binti wa Ukunda hukesha na kitabu chake.

Na katika Sura ya 72, ambayo ni ya Majini, majini wenyewe wanasimulia jinsi walivyokuwa wakikaa mahali pa kudukiza habari za mbinguni, na jinsi ambavyo sasa kila anayetega sikio hukuta kimondo kinamngoja. Wadukizi hao walikuwa na nguvu, lakini mlango ulifungwa.

Kubwa kuliko yote kwangu mimi ni lile lililomo katika Sura ya Saba, ya 34. Sulaiman alikufa ilhali ameegemea fimbo yake, na majini waliokuwa wakimfanyia kazi ngumu hawakujua. Wakaendelea kubeba na kujenga. Ikawa mdudu wa ardhini, mchwa, ndiye aliyeila fimbo ile mpaka mwili ukaanguka, ndipo ikabainika kwamba lau wangekuwa wanayajua ya ghaibu wasingalikaa katika taabu ile. Nilipolisikia hili mara ya kwanza nilikuwa mtoto, na halikunitisha. Linanitisha sasa: watumishi wenye nguvu za ajabu, wakimtumikia kwa hofu mkubwa aliyekwisha kufa, na anayejua ni mchwa.

Hapo ndipo ninapoona upungufu wa vitabu vya Ukunda. Humo mtu mwenye kipawa huumwa kichwa, hutokwa na damu puani, hukosa usingizi. Lakini anachokisikia huwa ni kweli daima. Akisema fulani ni msaliti, fulani ni msaliti. Hakuna anayempa barua akapime.

Waandishi wetu wa Kiswahili walilikabili jambo hili kwa njia yao. Katika mashindano ya kuandika hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoendeshwa na East African Literature Bureau, zawadi ya kwanza ilichukuliwa na Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa penye mzimu, na watu wako tayari kuamini kwamba mzimu ndio uliotenda. Anaingia Bwana Msa na kiko chake, akifuatwa na Najum, anauliza maswali madogo madogo ambayo hata watoto wangeuliza, na mwisho mzimu unaachwa na heshima zake na muuaji anatafutwa miongoni mwa watu wenye damu na mifuko. Mwaka 1968 akatupa Kisima cha Giningi, na kila mtu wa visiwani anajua kwamba Giningi hutajwa kuwa ni mji wa wachawi. Bwana Msa haukuogopa mji huo pia. Mimi nilivisoma vitabu hivyo shuleni, na nawaambia kwamba hakuna mwalimu aliyetufundisha kufikiri kama yule mzee mvuta kiko.

Halafu wakaja majasusi hasa. Elvis Musiba wa Tanzania alitoa Kufa na Kupona mwaka 1974, na Kikosi cha Kisasi mwaka 1979, akatuletea Willy Gamba. Zile zilikuwa siku ambazo Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, tangu 1963, na Kusini mwa Afrika kulikuwa kunawaka moto. Jasusi wa Kiswahili alizaliwa akiwa mpigania uhuru. Vijana wa Likoni na Kwale walimpenda Gamba kwa suti zake, kwa shabaha yake na kwa kuwa hakupata kumwogopa kaburu. Baada yake Ben Mtobwa alimleta Joram Kiango, na pamoja naye Nuru, msichana asiyekuwa pambo la meza, ambaye hatari humkuta Joram naye akiwemo. Ukinibana, nitasema mapenzi ya Joram na Nuru ndiyo ya karibu zaidi na yale ambayo msusi wetu anayatafuta. Mapenzi ya Gamba aghlabu ni ya safari. Ndege ikiruka, yamekwisha.

Lakini hakuna jini hata mmoja katika mkoba wa Willy Gamba, na nafikiri najua sababu. Waandishi wale walikuwa wana wa miaka ya uhuru. Walitaka kuonyesha kwamba Mwafrika anaweza kushinda kwa akili yake na kwa bastola yake, katika Nairobi na Kinshasa, bila hirizi. Jini angalionekana kama kurudi nyuma. Nawaelewa, wala siwalaumu. Kenya yetu ya Pwani ilipata mtu aliyethubutu kuvunja ukuta huo, naye ni marehemu Katama Mkangi, ambaye katika Walenisi ya mwaka 1995 alimtia Dzombo, mtu aliyehukumiwa kufa, ndani ya chombo cha kwenda angani, naye badala ya kufa akaibukia nchi nyingine yenye haki. Jina la Dzombo ni jina la mlima wetu, huko ndani ya Kwale. Walakini Mkangi alikuwa na hamu ya siasa kuliko huba, na baada yake njia imeota majani.

Ama huku mitaani, jini na mahaba hawajapata kuachana. Nenda Gazi, nenda Shimoni, nenda Vanga, utasikia habari za jini mahaba, ambaye humpenda binadamu akamwonea wivu, akamharibia kila posa. Utasikia habari za rohani anayependa marashi, udi na nguo nyeupe, ambaye humpandisha mtu kichwani akasema lugha asiyoijua. Na kwa Wadigo, mburuga ndiye hutazama: mgonjwa hata hajaeleza tatizo, naye humwambia limetoka wapi. Ukikaa nje ya ngoma ya pepo usiku, ukayasikia yale yanayosemwa, utaona kwamba nusu ya riwaya imekwisha kuandikwa, ila haina jalada.

Bibi mmoja wa Msambweni, ambaye watu humwendea kwa shida zao na ambaye hakutaka jina lake litajwe gazetini, alinipa somo ambalo sikulikuta katika vile vitabu vinne. Nilimwuliza je, mtu mwenye rohani hawezi kumtuma akamletee habari za adui?

"Humtumi, mwanangu," akaniambia. "Watu husema wana majini kama mtu anavyosema ana ng'ombe. Jini hana kazi ya bure. Akikufunulia jambo moja, andika deni. Leo atataka marashi, kesho kanzu, keshokutwa atakwambia usiolewe. Nimewaona waliojua siri za mji mzima, na jioni hawana wa kula naye."

Hiyo ndiyo tofauti. Katika riwaya za kigeni kipawa hutiwa na daktari au hurithiwa katika damu, na hakuna anayedai. Kwetu kipawa ni mkopo, na mwenyewe huja kudai mlangoni. Hata misitu yetu ina masharti. Ukienda Kaya Kinondo, hapo hapo Diani, nyuma ya mahoteli, utafungwa kaniki kabla ya kuingia na utaambiwa usitoke na chochote, hata jani. Makaya ya Wamijikenda yalitiwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2008, na Kinondo imo. Wageni huona ni mambo ya kupendeza kupigia picha. Wazee hawaoni hivyo. Kwao ni mkataba.

Msomaji atasema, Mzungu hayaamini haya, huyaandika kwa mchezo tu. Anayaamini sana, ila yeye huyawekea bajeti. Tangu mwaka 1972 shirika la ujasusi la Marekani, CIA, lilitoa fedha kwa wanafizikia wawili, Russell Targ na Harold Puthoff, wa Stanford Research Institute huko California, ili wawajaribu watu waliodai kuona mahali pa mbali kwa macho ya akili tu. Baadaye kazi hiyo ikaendelezwa na jeshi katika kambi ya Fort Meade, ikabadilishwa majina mara kadhaa, na jina la mwisho lilikuwa Stargate. Watu wazima walikaa katika vyumba vilivyofungwa wakichora walichokiona Urusi. Mwaka 1995 ilipimwa na wataalamu, wakasema kwamba haikupata kuongoza operesheni yoyote ya kijasusi, ikafungwa. Ilikuwa imekula dola milioni 20 hivi. Waburuga wa Lunga Lunga waliposikia habari hii kwangu walicheka sana. Wao hulipwa kuku, na mteja asiporidhika huja kumdai kuku wake.

Tumecheka, lakini kicheko kina mpaka. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, vijana walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua, wakachukua bunduki, na kwa majuma mengi baada ya hapo watu wa bara waliokuwa wakiishi Likoni na sehemu za Kwale waliuawa na kufukuzwa makwao. Tume ya Jaji Akiwumi ilisikiliza habari hizo, na shirika la Human Rights Watch likaziandika mwaka 2002: jinsi vijana walivyolishwa viapo msituni na kutiwa dawa, wakaambiwa risasi hazitawapata. Risasi ziliwapata. Wale waliowatuma, wenye suti, hawakuwa msituni. Mtu wa Kwale anaposoma riwaya ambayo kikosi cha siri kinapewa nguvu na mkubwa wake, hawezi kuisoma kama anavyoisoma mtu wa California, kwa sababu huenda binamu yake alichanjwa.

Na kuna hawa wazee wetu. Katika Kwale na Kilifi vikongwe wamekatwakatwa kwa mapanga usiku kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi, ukichimba kidogo, chini ya huo uchawi unakuta shamba. Macho mekundu kwa moshi wa kuni yanatosha kuwa ushahidi. Sheria ya uchawi ya mwaka 1925 tuliyoachiwa na mkoloni haikumlinda hata mmoja wao. Ndiyo maana nilisema nitairudia ile barua ya Hudhud. Mwandishi atakayeandika kwamba fulani ana nguvu za siri, na aliyenong'onezwa na jini akaamini bila kupima, ajue kwamba anaandika katika nchi ambayo mnong'ono umekwisha kuua bibi za watu.

Lililobaki ni gari lisilo na nambari. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa la Mombasa lilitoa ripoti juu ya watu waliouawa na waliotoweka katika Pwani tangu 2012, na Kwale imo. Kichwa chake, kwa maana yake, ni swali: tuwaambie nini jamaa zao? Polisi wamekuwa wakikana mara kwa mara. Nami nimekaa katika baraza moja ambapo mama hakuwa tayari kusoma hitima, kwa sababu hitima ni ya maiti, wala hakuwa tayari kuacha kupakua sahani ya mtoto wake.

Je, basi riwaya hiyo isiandikwe? Nasema iandikwe, tena iandikwe na mtu wa Kwale, kabla hajaja mwingine akaiandika kwa kukaa Diani majuma mawili. Isiandikwe kwa kunakili Whitney na vioo vyake vya maabara. Iandikwe kwa deni, na kwa mchwa.

Lau ningekuwa na umri wa kukaa na kitabu kirefu, badala ya mashairi na makala ya kila juma, ningemfanya Mwanamkasi awe binti wa Gazi, amerithi rohani wa bibi yake. Kipawa chake kiwe kimoja tu: akiingia chumba kitupu, husikia yaliyosemwa humo zamani, kwani kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, na matumbawe yana vitundu, na vitundu huweka sauti. Afanye kazi Mombasa katika ofisi isiyokuwa na kibao mlangoni, akiamini kwamba anawalinda watu. Ampende mwalimu wa Msambweni, mtu mtaratibu, mwenye sauti nzuri ya kusoma maulidi, ambaye ndugu yake alichukuliwa usiku na hakurudi. Na deni la rohani liwe hili: kila akisikia chumba kimoja, hupoteza neno moja la yule mwalimu. Neno hilo hatalisikia tena kinywani mwake maisha yake. Ataona midomo ikicheza tu. Mwanzo apoteze maneno madogo, "chumvi," "kesho," naye acheke akiona ni bei nafuu. Kisha siku moja mwalimu amwite, naye asigeuke, kwa sababu lililochukuliwa ni jina lake.

Hapo wakubwa wake wamtume Shimoni, katika nyumba kuukuu karibu na yale mapango ya watumwa, aende akasikilize nani walikutana humo. Afike mlangoni, atambue kwa harufu tu kwamba haikuwa nyumba ya mikutano, bali watu walifungwa humo. Mwalimu yuko nje, amemfuata, hajui kitu, anamwambia jambo. Amebakiwa na maneno machache sana yake. Mkono wake uko juu ya kitasa. Sura hiyo ningeikata hapo hapo, mhariri akaandika chini yake kwamba itaendelea juma lijalo.